Sauti ya Mstari wa Nyuma



Leo nakuja kwenu na albamu. Najua kuna watakaouliza, frateri na albamu wapi na wapi? Tulieni kidogo, Injili tutaifikia.

Albamu yenyewe inaitwa Maisha. Wanaoimba ni The Zawose Queens, na ilitoka mwaka 2024 kupitia Real World, lebo ya Uingereza aliyoianzisha mwanamuziki Peter Gabriel. Pita stendi ya Masasi, taja wimbo mpya wa Diamond, vijana watakuimbia mpaka mwisho. Taja hawa, watakuuliza: ndo kina nani hao? Wazungu wamewasikia, sisi wenye nchi bado.

Basi niwatambulishe. Ni Pendo na Leah. Pendo ni binti wa marehemu mzee Hukwe Zawose, Leah ni mjukuu wake. Mzee Hukwe alikuwa Mgogo wa Dodoma, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akazunguka dunia na zeze na ilimba yake, akafariki mwaka 2003. Ukoo mzima ni wa muziki. Lakini kwa miaka mingi zeze na ilimba, na kazi ya kutunga, vilikuwa vya wanaume. Wanawake walicheza na kuitikia. Walikuwa mstari wa nyuma.

Kwenye Maisha wamesogea mbele. Wanatunga wenyewe, wanaongoza wenyewe, na vyombo wanapiga. Si nyimbo za liturujia, wala sisemi mkazipige kwenye Misa. Nasema zisikilizeni. Kigogo sikijui, ila sauti zile mbili zikipishana na kukutana tena, unajua kabisa unasikiliza watu waliokaa na jambo kifuani muda mrefu.

Mara ya kwanza nilizisikiliza Newala, jioni, nimekaa pale Shimo la Mungu. Waliofika wanapajua: uwanda unakatika ghafla, chini bonde la Ruvuma, ng'ambo Msumbiji. Hedifoni masikioni, upepo usoni, raha tupu. Halafu ukapita wimbo mmoja, nikajikuta namkumbuka dada mmoja wa kwaya. Raha ikaishia hapo.

Nieleze. Nikiwa mwaka wangu wa kichungaji, nilipangiwa kigango kimoja hukohuko uwandani. Ulikuwa msimu wa korosho. Jumamosi moja tulikwenda na vijana wa kigango kumsaidia bibi mmoja kuokota korosho zake. Dada mmoja wa sauti ya pili alikuwa anaokota huku anaimba polepole. Wimbo wa shukrani kwa maji. Mnajua maji yalivyo historia huku juu: bibi zetu walishuka bondeni na ndoo na kupanda nazo kichwani, mwendo wa saa nyingi. Nikamuuliza, "Dada, huo wimbo umeutoa wapi?" Akacheka. "Nautoa tu, frateri."

Jioni ile nilimwomba auimbe tena. Nikauandika kwa solfa, nikaongeza besi na tena, nikapeleka steshenari ukachapwa. Juu kulia, pale pa mtunzi, nikaandika jina langu.

Wimbo ulipendwa. Ukaimbwa sikukuu ya somo wa kigango, ukarekodiwa kwa simu, ukaenda kwenye magrupu ya WhatsApp, kwaya za jirani zikaomba nakala. Watu wakanipongeza, "Frateri una kipaji!" Nami nikajibu, "Ni neema ya Mungu tu." Yaani hata Mungu nilimtaja kwenye uongo ule.

Yule dada hakusema neno. Alikuja mazoezini kama kawaida. Ila sikumsikia tena akitoa wimbo.

Sasa oneni shule inavyoweza kumsaidia mtu kujidanganya. Mimi nimesoma falsafa. Dhamiri ilipobisha, nilimwita Aristotle anitetee. Nikajiambia: kitu kina maada na kina umbo. Sauti ya yule dada ni maada tu, kama gogo la mpingo porini. Mimi niliyeandika solfa ndiye niliyeipa umbo. Mchongaji ni mimi.

Hoja nzuri, na ni ya uongo. Wimbo ule ulikuwa na umbo lake tangu chini ya mikorosho: ulikuwa na mwanzo, ulikuwa na mwisho, mtu alikuwa analia nao. Mimi nilileta karatasi na sauti mbili za kusindikiza. Gogo lilikuwa limeshachongwa, mimi nikabandika bei na jina. Na Mtakatifu Thomas wa Akwino angenirudisha kwenye somo la kwanza kabisa la haki: kumpa kila mtu kilicho chake. Wazee wetu walishasema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi nilimpongeza kwa sauti nzuri, haki yake nikabaki nayo.

Nilifungua Injili ya Luka, sura ya kwanza. Luka alikuwa msomi. Kigiriki chake kizuri, mpangilio wake mzuri. Angeweza kabisa kuona kwamba utenzi mkubwa namna ile haumfai msichana wa Nazareti, akaupeleka kwa Zakaria, kuhani, mwanamume, mwenye cheo hekaluni. Hakufanya hivyo. Zakaria ana wimbo wake, na Maria ana wake. Ndiyo maana leo, kila Masifu ya Jioni, mapadre, maaskofu na Baba Mtakatifu mwenyewe wanasimama kuimba wimbo wa binti wa kijijini, na unaitwa kwa jina lake. Kanisa linajua wimbo ni wa nani.

Kitabu cha Kutoka nacho, sura ya 15, baada ya wimbo mrefu wa Musa hakikuona tabu kutuambia kwamba Miriamu alichukua tari, wanawake wakamfuata, na yeye akaimba.

Nilikwenda kwenye Kitubio. Nilitarajia Baba Yetu tatu. Padre aliniuliza swali moja: "Umemrudishia?" Katekisimu, namba 2412, inasema lilelile: aliyechukua cha mtu anadaiwa kurudisha, na mfano wake ni Zakayo. Zakayo hakuishia kusema samahani. Alifungua mfuko.

Basi nikapanda gari la Newala. Nilimkuta nyumbani kwao anapepeta. Nikasema, "Dada, nimekuja kwa ajili ya wimbo. Ni wako. Nimekuibia." Akaendelea kupepeta kidogo. Kisha akasema, "Mimi nilijua ni wangu, frateri. Nilikuwa nangoja na wewe ujue."

Jumapili ile, kwa ruhusa ya paroko, nilisimama baada ya Misa nikawaambia waamini. Nakala tulizozipata tulizisahihisha kwa kalamu. Na kwaya za jirani nimeziandikia, moja baada ya nyingine. Lakini zilizomo kwenye simu za watu siwezi kuzirudisha. Na yule dada hajatoa wimbo mpya. Nimeacha kumwomba. Kumsamehe mtu hakukulazimishi kumwimbia.

Kijana mwenzangu, huenda wewe hutungi nyimbo. Lakini kazi ya kikundi chuoni aliiandika nani, na nani alisimama mbele kuiwasilisha? Wazo la mradi wa VIWAWA lilitoka kwa nani? Wanaofagia kanisa Jumamosi unawajua kwa majina? Wiki hii mtafute mtu mmoja ambaye umesifiwa kwa jasho lake. Mwambie. Kisha waambie na wale waliokusifu. Hapo ndipo panapouma, na hapo ndipo toba inapoonekana.

Na ukipata bando, sikiliza Maisha. Kisha Jumapili, kwaya inapoimba, geuza sikio lako mstari wa nyuma.

Tusali: Ee Bwana, uliyeutazama unyonge wa mtumishi wako Maria, utufundishe kutambua sauti ulizoziweka kwa wengine. Utupe ujasiri wa kurudisha tulichochukua, na unyenyekevu wa kuitikia pale ambapo si zamu yetu kuongoza. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Sesilia, utuombee.