Alfajiri ya Mkomazi Inauzwa kwa Haki ya Nani?

Mji wa Same umekaa kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, chini ya milima ya Upare, na kilomita chache kutoka hapo liko geti la Zange, mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Anayekuja kuona wanyama ana njia mbili. Anaweza kulala gesti mjini, akala kwa mama lishe karibu na stendi, kisha akakodi gari na kufika getini asubuhi likifunguliwa. Au anaweza kulala ndani ya hifadhi yenyewe, kwa hema lake katika eneo lililotengwa au katika kambi ya mwekezaji yenye mahema makubwa, vitanda vya mbao na chakula cha mezani. Kati ya gesti ya Same na kitanda cha kambi ya namna hiyo, bei huruka mara nyingi sana, na wengi huona hapo hakuna la kujadili: mwenye nacho alale ndani, asiye nacho alale nje. Naona suala hili ni la haki kabla halijawa la mfuko. Katika bei ya kulala ndani imo sehemu ambayo anayeiuza hakuitolea jasho, na sehemu hiyo ni deni kwa watu wanaoishi upande wa pili wa mpaka.

Tuichambue bei hiyo. Sehemu ya kwanza ni gharama za kweli. Maji husafirishwa, umeme ni wa jua au jenereta, mboga hutoka mjini kwa gari, mpishi na mlinzi wanalipwa mshahara porini mbali na nyumba zao. Hapa sina ugomvi na mtu. Ya pili ni ada za serikali: kiingilio kinachohesabiwa kwa saa 24, tozo ya kulala hifadhini, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mgeni kutoka nje hulipa zaidi, raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo. Sehemu ya tatu haiandikwi kwenye risiti yoyote, nayo ndiyo humfanya mtu atoe fedha bila kusita. Ni alfajiri. Aliyelala ndani anaamka tembo wakiwa bado bwawani Dindira, kabla magari ya kutoka mjini hayajapita getini. Jioni, wa nje wanapokimbizana na saa ili watoke, yeye bado ana mwanga mwekundu juu ya mlima Shengena na nyika yote mbele yake. Kitanda ni kisingizio tu. Anachokinunua ni kuwa karibu na wanyama wakati wengine wamefungiwa nje.

Biashara hii ya ukaribu haikubuniwa Mkomazi. Walt Disney alipofungua bustani yake ya michezo California mwaka 1955, eneo lake lilikuwa dogo, na hoteli za watu wengine zilizochipuka kuizunguka zikavuna fedha za wageni aliowavuta yeye. Alipokwenda Florida miaka ya 1960 alinunua ardhi kimyakimya kwa majina ya kampuni nyingine, zaidi ya hekta elfu kumi, ili safari hii anayelala karibu alale kwake. Hadi leo wageni wa hoteli za huko huingia viwanjani nusu saa kabla ya wengine, na nusu saa hiyo imo ndani ya bei ya chumba. Mtu anaweza kuuita ujanja wa mfanyabiashara, lakini tukumbuke jambo moja: ardhi ile ilinunuliwa. Wenyewe waliuza, wakapokea fedha, wakaondoka. Ukaribu anaouza Disney, aliulipia.

Mkomazi haikununuliwa na yeyote. Ilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1951, na kwa miaka mingi baadhi ya wafugaji waliruhusiwa kubaki na ng'ombe wao ndani yake. Ruhusa hiyo ilikoma, na kufikia 1988 wote walikuwa wameondolewa. Baadhi yao walikwenda mahakamani, na mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ikakataa dai lao la kurudi. Mwaka 2008 pori hilo lenye kilomita za mraba 3,245 likawa hifadhi ya taifa, ambamo hata mbuzi mmoja akikutwa ni kosa. Sisemi hayo ili hifadhi ifutwe. Mahakama imeshasema na historia haiwezi kurudishwa kinyumenyume. Nasema ili ijulikane kwamba utulivu wa alfajiri ile una waliougharimia, na waliougharimia hawamo katika orodha ya wanaolipwa.

Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliacha kanuni moja juu ya bei inayofaa kupimia jambo hili. Alifundisha kwamba muuzaji akipata hasara kwa kuachana na kitu chake, ana haki ya kudai zaidi ya thamani yake ya kawaida, kwa kuwa anafidia alichopoteza. Lakini ikiwa yeye hapotezi chochote, na ni mnunuzi tu anayefaidika sana, basi hana haki ya kupandisha bei kwa sababu ya faida hiyo, maana atakuwa anauza kisicho chake. Wachumi wa leo wataicheka kanuni hii, kwani biashara yote ya utalii inasimama juu ya kile Thomas anachokikataza: kumtoza mteja kadiri anavyofurahi. Hata hivyo iweke juu ya Mkomazi uone inavyokata. Mwenye kambi hapotezi chochote jua linapochomoza. Wala serikali haipotezi. Hasara iliyofanya alfajiri ile iwezekane iko kwa mfugaji aliyehamishwa na kwa mkulima wa vijiji vya mpakani, na kwa kanuni hiyohiyo wao ndio wenye haki ya nyongeza.

Kwa Waislamu upo mfano ulio karibu zaidi, kwa sababu unahusu hifadhi hasa. Khalifa Umar bin Khattab alitenga malisho ya hima kwa ajili ya wanyama wa umma na kumweka msimamizi wa kuyalinda. Maagizo aliyompa yamehifadhiwa katika Hadithi alizokusanya Bukhari: mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache aruhusiwe kuingia, lakini mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan izuiwe. Hao wawili walikuwa masahaba wakubwa, na pia matajiri. Sababu ya Umar ilikuwa kwamba mifugo ya matajiri ikifa, bado watabaki na mitende na mashamba yao, ila maskini akifilisika atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa. Hiyo ilikuwa hifadhi, tena yenye mpaka na mlinzi. Ila mpaka wake ulifunguka kwa mnyonge na kufungwa kwa mwenye mali. Wetu umegeuzwa: mwenye mali hulala ndani, na mwenye ng'ombe wanne hutozwa faini wakivuka.

Hapa mhifadhi atanijibu, na jibu lake lina uzito. Atasema bila ulinzi mkali Mkomazi isingekuwa na chochote cha kuuza. Katika miaka ya 1980 ujangili ulikuwa umeimaliza. Mhifadhi Tony Fitzjohn alipofika mwaka 1989, kazi ilikuwa kufungua barabara, kuchimba mabwawa na kurudisha uhai. Baadaye faru weusi wakaletwa kutoka Afrika Kusini na kuwekwa ndani ya uzio, wakalindwa usiku na mchana. Yote hayo yanataka fedha, na fedha za mgeni wa kambini ni nyingi kuliko za vijana kumi waliobanana kwenye gari la kukodi. Zaidi ya hapo, wageni wachache wanaolipa sana hawachafui nyika kama wengi wanaolipa kidogo. Nakubali karibu yote. Ulinzi wa faru ni hasara ya kweli anayoibeba mlinzi, na Thomas mwenyewe angeruhusu itozwe. Lakini hoja hiyo inahalalisha ada, si kila shilingi iliyo juu ya ada. Nayo inahesabu walinzi wa upande mmoja tu.

Upande wa pili kuna walinzi pia. Tembo hawasomi mawe ya mpaka. Mahindi yakikomaa katika vijiji vya tambarare ya Same vilivyo jirani na hifadhi, mkulima hulala juu ya dungu, na moto chini yake na madebe ya kupiga mkononi, akisikiliza matawi yanavyovunjika gizani. Ni usiku uleule ambao mgeni wa kambini ameulipia, na pengine ni tembo walewale. Mmoja anatoa fedha nyingi ili wanyama wawe karibu naye, mwingine anatoa usingizi wake ili wakae mbali. Serikali inalijua hilo, ndiyo maana kuna malipo ya kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa. Ila tazama yalivyopangwa katika kanuni za mwaka 2011: kiasi kwa ekari kilifuata umbali wa shamba kutoka mpakani, na kadiri shamba lilivyokaribia hifadhi ndivyo malipo yalivyopungua, hadi lile lililo karibu kabisa likakosa kitu. Fikra yake inaeleweka, kwamba watu wasihimizwe kulima mpakani. Lakini ndani ya mpaka ukaribu na tembo hupandisha bei, na nje ya mpaka ukaribu huohuo hushusha fidia. Sijaona kanuni ya dini wala ya falsafa inayoweza kuyatetea yote mawili kwa pamoja.

Basi je, msafiri mwenye dhamiri alale Same mjini? Ni afadhali, lakini si kwa sababu zinazotajwa sana. Ni kweli fedha ya gesti hutawanyika: mwenye nyumba, mfua mashuka, muuza chapati, kijana wa bodaboda, fundi wa pancha. Mwenye kupinga atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama hao ndio waliopoteza kitu Mkomazi. Mwenye gesti ya Same hakuhamishwa porini, na huenda hajawahi kulala kwenye dungu. Kwa hiyo kulala nje hakulipi deni. Faida yake ni kwamba hakuongezi deni, kwani mtu wa gesti analipia kitanda na chai, vitu ambavyo muuzaji amevigharimia kweli. Wapo wanaosema pia kwamba mgeni amekubali bei kwa hiari, hivyo hajadhulumiwa mtu. Mgeni, ndiyo. Lakini mapatano ya wawili hayawezi kusamehe haki ya wa tatu ambaye hakuitwa kikaoni.

Upare una kumbukumbu yake kuhusu tozo. Katika miaka ya 1940 watawala walianzisha kodi ya mbiru, iliyokadiriwa kwa kila mtu kulingana na mali yake. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani wakakaa Same, makao makuu ya wilaya, kwa miezi, na baadaye wanawake nao wakaingia katika mapambano. Mwanahistoria Isaria Kimambo, ambaye naye alikuwa Mpare, alionyesha kwamba watu hawa hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa kwa njia wasiyoielewa na wasiyoweza kuihoji. Mwaka 1947 mbiru ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo siogopi bei zinazotofautiana, mgeni hivi na raia vile, ndani hivi na nje vile. Naogopa bei isiyo na maelezo.

Shirika la Hifadhi za Taifa hujenga madarasa na zahanati vijijini kwa mpango wa ujirani mwema, na hilo ni jema, lakini darasa ni zawadi, na zawadi hutolewa mtoaji akipenda. Kinachodaiwa hapa ni hisa. Risiti ya kila usiku unaouzwa ndani ya Mkomazi iandikwe fungu la vijiji vya mpakani, lenye kiwango kinachojulikana na kusomwa katika mkutano wa kijiji, na ngazi ya kifuta jasho igeuzwe ili shamba la karibu lilipwe zaidi. Mpaka hapo utakapofanyika uamuzi huo, wewe unayepanga safari ya Mkomazi lala Same, na ukiamua kulala ndani, muulize mwenye kambi mapokezi kijiji gani kinalipwa kwa usiku wako, na kiasi gani.