Kilele Juu ya Kalamu

Je, jina lililoazimwa ni uongo? Kalamu za wino za Montblanc hutengenezwa Hamburg, mji wa bandari katika Ujerumani. Mlima uliozipa jina uko mbali, mpakani mwa Ufaransa na Italia. Tangu 1913 kalamu hizo huvaa nyota nyeupe yenye pembe sita za mviringo, mfano wa theluji ya kileleni. Juu ya ncha ya dhahabu ya Meisterstück huchorwa 4810, kimo cha mlima kwa mita kama kilivyohesabiwa zamani.

Lakini theluji haina ahadi. Kipimo cha 2023 kilipata mita 4,805.59. Mlima umepungua, nambari haikupungua. Mwenye hukumu ya haraka atasema kalamu yasema uongo. Mwenye subira atauliza: nambari ile ni kipimo au ni nadhiri? Ikiwa ni kipimo, imepitwa. Ikiwa ni nadhiri ya ubora, mlima hauwezi kuitimiza wala kuivunja. Mdaiwa ni fundi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Jina huazimwa siku moja, hulipwa kwa kazi ya kila siku. Na mwandishi ashikaye kalamu hiyo ana deni lilelile, maana kilele kilichochorwa juu ya ncha hakiinui neno duni.