Korosho ni riziki ya nani?

Hesabu ya kujua nchi ina chakula kiasi gani ni nyepesi, hata darasa la sita niliwahi kuifundisha: chukua kilichovunwa, ongeza kilichoingizwa, toa kilichouzwa nje. Kinachobaki ndicho cha wenye nchi. Hata FAO ndivyo wanavyopiga mizania yao ya chakula. Sasa ipigie hesabu hiyo korosho yetu ya Tanzania na ya Kenya. Msimu wa 2017/18 tulivuna zaidi ya tani 300,000, na mavuno ya jirani, mengi yakitoka Kilifi na Kwale, ni kijisehemu tu cha hizo. Lakini ukishaondoa shehena za India na Vietnam, zinazosafiri ghafi na maganda yake, pengo hilo linasinyaa vibaya.

Sisi wa Bungu, juu huku Usambara, ni watu wa ndizi na maharage. Mikorosho iko chini, Handeni na kuelekea Muheza. Korosho tunakutana nazo stendi ya Korogwe, vijana wakizipandisha kwenye madirisha ya mabasi. Anayenunua ni abiria wa Arusha. Mwalimu mstaafu hununua machungwa.

Je, tani zile zote ni riziki yetu? Jirani yangu Mlutheri hana shaka. "Mwalimu, Mungu kashatoa. Tukiuza, tumeuza vyetu."

Wanazuoni wa kale wa Kiislamu walibishana juu ya jambo hili hili. Wamuutazila walisema riziki ni kile unachokimiliki kwa halali. Waashari, ambao mafundisho yao ndiyo tuliyosomeshwa sisi wa madrasa za huku, walikataa: riziki ni kile kilichokunufaisha. Hoja yao ni ya shambani, ndiyo maana naipenda. Mnyama hamiliki kitu, naye Mungu anamlisha. Nyani anayechuma bibo kwenye mkorosho wa mtu hana hati ya shamba, ila riziki yake imeshafika tumboni. Na aliyejaza ghala akafa kabla ya mnada alikuwa na mali tu. Riziki ilikuwa ya mwingine.

Kwa kipimo hicho kuuza nje si kosa, maana fedha nayo hunufaisha. Mkulima wa Mtwara aliyeezeka bati na kulipa ada kwa korosho zake, zimemfikia. Hapo nakubaliana na jirani.

Kinachonikera ni kingine. Nimemwona mama mmoja Handeni akibangua. Amekaa chini, jivu viganjani, anaisimamisha korosho juu ya jiwe na kuigonga kwa kipande cha chuma, si kwa nguvu, ganda lipasuke na kiini kisiguswe. Mafuta ya ganda yanaunguza: ncha za vidole vyake nyeusi, ngozi inabambuka. Kilo nne za ghafi humpa kama kilo moja ya kiini. Nzima ni za mteja. Zilizovunjika ndizo anazowapa wanawe. Nilipomsimulia jirani, akanikumbusha kuwa Torati inakataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka.

Wakenya walijaribu dawa ya sheria. Juni 2009, William Ruto akiwa Waziri wa Kilimo, walipiga marufuku kusafirisha korosho na makadamia ghafi ili ubanguaji ubaki nyumbani. Makadamia, mti wa Australia uliozikubali nyanda za juu za Kenya, ulipata viwanda. Lakini wakulima wakalalamika kwamba mlango wa nje ukifungwa, mwenye kiwanda ndiye anayepanga bei. Sisi tulijaribu majengo: tukasimamisha viwanda 12, huku mavuno yakiporomoka kutoka tani 145,000 za msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 mwaka 1986/87. Bei ilikuwa duni, na Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha watu mbali na mikorosho yao. Halafu Novemba 2018 Rais Magufuli akaagiza jeshi libebe korosho, serikali ikizinunua kwa shilingi 3,300 kilo.

Sheria, viwanda, jeshi: kote huko swali lilikuwa lile la Wamuutazila, mali hii ni ya nani. Mkulima, mwenye kiwanda, serikali, mnunuzi wa nje, kila mmoja alikuwa na hoja yake. Mama wa Handeni hakuwa na upande katika ugomvi huo, kwa kuwa hamiliki chochote ndani yake zaidi ya vidole. Waashari wangeanza kuuliza kwake.

Kwa hiyo wewe mwenye mikorosho, kabla hujapeleka magunia chama cha msingi, bakiza debe moja. Libanguliwe hapo nyumbani, anayebangua alipwe, na safari hii watoto wapewe zilizo nzima.