Shukeni Garini

Wajukuu zangu, mama yenu kaniambia mnataka kuwachukua watoto kwa siku moja: mtoke Lushoto alfajiri, mpite msitu wa Amani, na jua likizama muwe ufukweni Tanga. Siku inatosha mkiamka mapema. Lakini babu yenu ameendesha lori la mboga kwenye barabara ile miaka 27, na ana maneno ya kuwaambia kabla hamjawasha gari.

Nianze na mlima, kwa sababu mlima hausamehe. Lushoto mpaka Mombo ni kilomita zipatazo 33 tu, lakini ndani ya kilomita hizo mnateremka karibu mita 1,000. Barabara ni nyembamba, upande huu mwamba, upande ule korongo. Aliyezoea tambarare hushuka huku amekanyaga breki njia nzima, na akikaribia Mombo magurudumu yananuka na breki hazishiki tena. Ingiza gia ya pili, injini ilizuie gari, mguu uguse breki penye kona tu. Kona isiyoonyesha mbele, piga honi. Ukikutana na lori linapanda na mzigo, lipishe, maana likisimama pale kuondoka tena ni kazi. Watoto wakianza kutapika, punguza mwendo kwanza, ndipo utafute ndimu.

Mkifika Soni, simameni. Simameni hata kama mmeshayaona maporomoko yale mara mia. Watoto washuke, wasikie maji yakipiga mawe, na mmoja wenu awaambie maji hayo yanakwenda wapi: yanashuka Mombo, yananywesha majaruba ya mpunga, yanaingia Mto Mkomazi, kisha Mto Pangani, na mwisho baharini. Wakishajua hivyo, bondeni wataanza kuyatafuta wenyewe dirishani.

Msimu wa matunda ukiwakuta, mtaona kina mama kando ya barabara na visado vya mafyulisi na matunda damu. Teremkeni mkanunulie chini, msinunue kwa mkono wa dirishani huku gari linanguruma. Msalimieni mama yule kwa Kisambaa mlichofundishwa na bibi yenu, hata kikiwa cha kuokoteza. Na bei msiikandamize. Mimi nimebeba kabichi za watu wale hadi Kariakoo. Najua mkulima hupata ngapi na mjini huuzwa ngapi. Mpeni mtoto fyulisi moja, alipanguse kwa shati lile vumbi la manyoya, aume mpaka maji yamtiririke kwenye viwiko. Msimwambie anachafuka.

Sasa nisikilizeni hapa. Mwaka mmoja nilipata gari bila mzigo, nikasema niwapeleke bibi yenu na watoto wakaione bahari. Tuliondoka saa kumi usiku. Mama yenu alikuwa na miaka saba. Soni akaniomba tusimame ayaone maji. Nikamwambia tutasimama tukirudi. Korogwe akaomba maembe, nikasema Tanga yapo. Segera sikusimama, Muheza sikusimama. Nilikuwa naendesha kama ninavyoendesha siku zote, macho kwenye saa, mboga zisioze, na nyuma hapakuwa na mboga hata moja. Njiani gari lilinisumbua, tukafika giza linaingia, maji yamejaa hadi ukutani. Watoto wakalowesha miguu dakika chache, wakasinzia. Tukarudi usiku huohuo, na Soni tuliipita kila mtu amelala.

Miaka mingi baadaye, siku ya harusi yake, nikamuuliza mama yenu anakumbuka nini katika safari ile. Akafikiri, akasema: "Harufu ya dizeli, baba." Hakulisema kwa ubaya, lakini neno hilo bado ninalo.

Ndiyo maana nawaambia shukeni garini.

Njia panda ya Amani pale Muheza niliipita maelfu ya mara bila kukata kona. Nilikwenda mara ya kwanza nimeshastaafu, bibi yenu ndiye aliyenivuta. Siku ile ilikuwa zaidi ya kilomita 30 za udongo, kwa hiyo mvua ikinyesha ulizeni kwanza Muheza njia ikoje, na gari la chini msilipeleke. Mtafika Sigi, penye nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, ya enzi za reli ya Wajerumani iliyokuwa ikiteremsha mbao. Hapo mtalipa kiingilio na kupata mwongozaji. Mchukueni, msione ni gharama. Bila yeye mtaona miti tu.

Wetu alitusimamisha penye jiwe lenye unyevunyevu, akainama, akatuonyesha ua dogo la zambarau, majani yake yana manyoya kama sikio la mwana-mbuzi. Mwaka 1892 mtawala Mjerumani wa Tanga alilipeleka kwao, na leo ukoo wa ua lile unapandwa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani. Kwao ni pale, kivulini, kwenye jiwe. Bibi yenu aliligusa kwa kidole kimoja tu. Kisha juu yetu ukapita mvumo mzito, nikadhani ni upepo, kumbe mabawa ya hondohondo. Waambieni watoto wanyamaze kidogo, watausikia kabla ya kumwona ndege.

Halafu tukafika mtoni. Niliingiza mkono, maji ya baridi kweli. Mwongozaji akasema huu ndio Sigi, unateremka hadi bwawa la Mabayani, na ndio unaotoka mabombani Tanga mjini. Nilikaa juu ya jiwe. Miaka 27 nimekuwa nikifika Tanga na kiu, nafungua bomba, nakunywa, na sikuwahi kuuliza. Msitu ule ukikatwa, watakaokosa maji ni watu wa pwani ambao wengi wao hawajaukanyaga. Mkifika Tanga mpeni kila mtoto bilauri ya maji ya bomba yaliyochemshwa, mumwambie ni yale aliyoyashika mchana.

Amani ondokeni saa nane, isizidi. Kabla ya siku ya safari mpigieni simu mtu wa Tanga mwulize maji yanakupwa saa ngapi. Maji yakiwa yametoka, watoto wataokota kaa na makombe bila hofu. Yakijaa, mkubwa asimame ndani ya maji, upande wa kina, asikae mchangani na simu. Na mvuvi akiwaambia pale hapafai, hapafai.

Bibi yenu mpeni kiti cha mbele. Magoti hayamruhusu kukunjika nyuma, na yeye anaijua kila nyumba ya njia ile, ni ya nani na imejengwa lini. Muulizeni, mzime redio.

Usiku msipande mlima, ukungu wa Soni haumjali aliyechoka. Laleni kwa shangazi yenu Tanga. Asubuhi nipigieni simu, lakini azungumze mdogo kuliko wote, anieleze mwenyewe alichokiona.