Chukua Gogo la Skrepa: Nasaha kwa Anayeanza Uzamivu

Katika barua yako, mwanangu, unasema msimamizi wako amekuwekea njia mbili mezani. Ya kwanza, maabara ikuyeyushie alumini safi, iongeze chuma kidogo na shaba kidogo kwa vipimo utakavyotaka mwenyewe, na hayo ndiyo yaitwe magogo ya alumini iliyorejelezwa katika tasnifu yako. Ya pili, uchukue magogo ya kiwandani, yaliyosubiwa kwa fremu za madirisha zilizobomolewa, rimu za magari na mabaki ya kila namna, ambayo hata fundi wa tanuri hawezi kukuorodheshea yote yaliyoingia. Unaniuliza ipi inamfaa mtu mwenye ufadhili wa miaka mitatu tu, kama ilivyo desturi huko Norway.

Chukua magogo ya kiwandani. Ya maabara yawepo pembeni, ya kulinganishia. Mimi shangazi yako nimezeekea katika maabara ya kiwanda cha kukamua alumini, na jambo hili nimeliona likirudi tena na tena: utafiti uliofanywa kwa alumini safi iliyochafuliwa kidogo kwa makusudi unaletwa kiwandani, unasifiwa kikaoni, halafu mwendesha mashine anaendelea kupata profaili, zile fito ndefu zinazotoka mashineni, zilizochanika kama jana.

Fikiria kwanza kwa nini watu wanahangaika na skrepa. Kupata kilo moja ya alumini mpya tanurini kunakula umeme wa kilowati-saa 14 hivi, mbali na kazi ya kuchimba boksiti na kuisafisha. Kuyeyusha alumini ya zamani kunahitaji kama asilimia 5 tu ya nishati yote hiyo. Kampuni ya Hydro huko huko Norway tayari inauza magogo ambayo angalau asilimia 75 yake ni alumini iliyokwisha kutumiwa na watu. Kwa hiyo metali hii inakuja mashineni, watafiti wawe tayari au wasiwe tayari.

Shida ni kwamba haisafishiki kwa urahisi. Mwenye kutengeneza chuma hupuliza oksijeni, na uchafu mwingi ukaungua kabla ya chuma chenyewe. Ukijaribu hivyo kwa alumini, itakayotangulia kuungua ni alumini. Chuma kilichoingia na skrubu iliyosahaulika kwenye fremu, au shaba iliyoingia na kipande cha waya, kitabaki humo. Mashine za kuchambua kwa eksirei na leza zimepunguza tatizo, lakini hazijalimaliza. Dawa ya kiwanda ni kuongeza alumini mpya mpaka uchafu upungue kwa uwiano, na kila tani ya alumini mpya inayoongezwa inapunguza faida tuliyoifuata kwenye skrepa. Swali la tasnifu yako limekaa hapo: profaili inaweza kubeba uchafu kiasi gani na bado ikawa profaili nzuri, na ndani yake kinatokea nini inapoubeba?

Sasa tuingie ndani ya gogo. Aloi za kundi la 6000, zile za madirisha na sehemu nyingi za magari, hupata nguvu yake kwa magnesiamu na silikoni. Chuma hakina nafasi humo. Hata karibu na nyuzijoto 650, alumini iliyoganda haiwezi kumeza chuma zaidi ya asilimia 0.05 hivi. Kinachozidi hujitenga gogo linapoganda, hushikamana na alumini na silikoni, na kufanya mabapa membamba kwenye mipaka ya punje. Mabapa hayo ndiyo yanayochana uso wa profaili. Ndiyo maana gogo hupikwa kwanza, kwenye nyuzi 570 hadi 585 kwa saa kadhaa, mpaka mabapa yakatike na kujiviringisha yakawa kama shanga zilizotungwa. Manganizi huharakisha kazi hiyo. Na silikoni iliyonaswa na chuma haipatikani tena kwa kazi ya kuimarisha metali, jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau wanapopiga hesabu za nguvu. Kanuni zinajua haya yote: aloi ya 6060 inaruhusiwa chuma kati ya asilimia 0.10 na 0.30, ya 6063 isizidi 0.35, ya 6082 isizidi 0.50. Skrepa ya mtaani haijui kanuni hizo.

Gogo likishapashwa moto tena, mara nyingi kati ya nyuzi 450 na 500, linasukumwa kupitia kalibu. Hapo nakusihi ufikiri polepole, kwa sababu ndipo penye utamu wa kazi yako. Punje zinavutwa zinakuwa nyuzi. Metali iliyo pembeni, inayosuguana na kuta na kalibu, inaumia na kupata joto kuliko iliyo katikati. Alumini ina tabia ya kujiponya ikiwa bado inasukumwa: kasoro za fuwele zinajipanga na kugawa kila punje ndefu kuwa vyumba vidogo. Lakini inapotoka kwenye kalibu, ikiwa na joto na msongo uliobaki, punje mpya zinaweza kuzaliwa na kuzila zile za zamani. Uamuzi wa zizaliwe wapi na zikue kiasi gani uko mikononi mwa chembe ndogo zilizotawanyika ndani ya metali.

Chembe kubwa, zile zinazozidi mikroni moja hivi, hukusanya msongo pembeni yake, na punje mpya huzaliwa hapo. Chuma cha skrepa huleta nyingi za namna hiyo. Chembe ndogo sana, zile za manganizi na kromiamu zinazojitokeza wakati gogo linapikwa, hufanya kinyume chake: hushika mipaka ya punje isisogee, jambo ambalo hesabu yake ilitolewa na mwanafizikia Zener na kuchapishwa na mtaalamu wa metali Cyril Smith mwaka 1948. Skrepa huleta hizo pia. Kwa hiyo ndani ya gogo moja mna vinavyozalisha punje mpya na vinavyozizuia, na mshindi anategemea joto, kasi ya kusukuma, unene wa ukuta wa profaili, na jinsi gogo lilivyopikwa. Ukiongeza chuma peke yake katika alumini safi, utapata mstari mzuri kwenye grafu. Kiwandani chuma hakiji peke yake. Kinakuja na manganizi ya kopo, shaba ya waya, zinki na silikoni ya sehemu za injini, na vyote vinavutana.

Najua msimamizi wako atasema kwamba kwa skrepa huwezi kutenganisha sababu moja na nyingine. Ana haki ya kusema hivyo. Jibu lake ni hili: pima kemia ya gogo la kiwanda kwa makini, halafu mwombe fundi wa maabara akutengenezee gogo lenye kemia ile ile, ukipunguza kitu kimoja tu. Kitu kimoja kwa gogo moja. Hapo maabara inakuwa mtumishi wa skrepa, na wewe unakuwa na la kuwaambia watu wa pande zote mbili.

Na usidhani ni habari za madirisha ya Ulaya tu. Huku kwetu mafundi wanasubu masufuria kwa alumini ya kuokoteza, na watu wanapikia. Mwaka 2014 watafiti walichapisha vipimo vya masufuria ya namna hiyo kutoka Kameruni wakaonyesha kwamba yalikuwa yanatoa madini ya risasi. Yanakaguliwa nini kabla ya kuuzwa? Siku utakaporudi na elimu ya kujua kilichomo ndani ya metali isiyo na cheti, kazi hutaikosa, na watoto wa watu watafaidika.

Kuhusu mikono yako sasa. Utajifunza kuandaa sampuli, na kuna watakaokuambia kwamba hiyo ni kazi ya fundi. Ifanye mwenyewe. Alumini ni laini. Ukikandamiza msasa, mchanga wake unazama ndani ya metali na baadaye utauona kwenye hadubini ukadhani ni chembe. Sugua kwa maji mengi, geuza sampuli robo mzunguko kila unapobadilisha msasa, na usisonge mbele mpaka mikwaruzo ya msasa uliopita imeisha yote. Kwenye alumini ya skrepa kuna hatari nyingine. Chembe za chuma ni ngumu kuliko metali inayozizunguka, na ukizidisha kung'arisha zinang'oka na kuacha vishimo. Nimeona vishimo hivyo vikihesabiwa na kuandikwa kuwa ni mapovu ya hewa ya wakati wa kusubu. Kishimo chenye kingo kali, kilichojipanga kwenye mstari mmoja na chembe nyingine, karibu kila mara ni chembe iliyong'oka. Rudia sampuli.

Halafu utaizamisha kwenye mchanganyiko wa Barker, ambao una asidi yenye florini, na kupitisha umeme wa volti 20 hivi. Vaa glavu na miwani hata kama mwenzako havai. Ukiiweka chini ya mwanga uliochujwa, kila punje itakuwa na rangi yake, ya samawati, ya manjano, ya zambarau. Kwenye aloi kama 6082 mara nyingi utaona katikati nyuzi nyembamba zimelala kufuata upande metali ilikosukumwa, na pembeni tabaka la punje kubwa zilizozaliwa upya. Upana wa tabaka hilo ni mojawapo ya namba zenye thamani utakazozitoa. Upime sehemu nyingi, na uchague sehemu za kupiga picha kabla hujatazama kwenye kioo. Chora mistari kwenye karatasi kwanza: picha hapa, hapa na hapa. Ukizurura na hadubini ukitafuta picha nzuri, utaipata, na itakuwa imekudanganya.

Kila kipande kiandikwe kimetoka wapi kwenye profaili. Mwanzo wa kusukuma si sawa na mwisho wake. Joto limebadilika, na karibu na mwisho metali iliyokuwa imekwama kwenye kona na ganda la nje la gogo huanza kuingia. Andika pia saa. Profaili ikishapozwa kwa maji au feni, husubiri kabla ya kuingizwa kwenye tanuri la kukomazia, lenye nyuzi 175 hadi 185. Katika kusubiri huko, atomu za magnesiamu na silikoni zinaanza kukusanyika hata kwa joto la kawaida la chumba, na aloi yenye magnesiamu na silikoni nyingi inaweza kupoteza sehemu ya nguvu ambayo ingeipata. Sampuli iliyosubiri usiku kucha kwa sababu ilikuwa Ijumaa si sampuli sawa na iliyosubiri saa moja.

Mjerumani Alfred Wilm naye aliona metali ikibadilika kwa kusubiri tu, mwaka 1906. Aliipasha moto aloi ya alumini yenye shaba na magnesiamu, akaipoza, na ugumu ukapimwa. Ilipopimwa tena baada ya siku za mapumziko, ilikuwa ngumu zaidi. Hakuna aliyeigusa. Kipimo hicho kilichoonekana cha ajabu kikazaa aloi iliyojenga ndege. Sababu haikuonekana kwa eksirei mpaka 1938, na watafiti wawili, Guinier akiwa Ufaransa na Preston akiwa Uingereza, kila mmoja kwa kazi yake. Nakutajia hili kwa sababu skrepa itakupa vipimo vya ajabu vingi kuliko alumini safi, na kutakuwa na shinikizo la kuvifuta ili makala itoke mapema. Usivifute. Viweke kwenye jedwali na wenzake, na kama hujapata maelezo, sema wazi kwamba hujapata. Siku ya utetezi, wapinzani wawili watakaoteuliwa kukuhoji ni watu waliokaa na metali maisha yao. Wanatambua haraka grafu iliyosafishwa.

Mwendesha mashine mheshimu kuliko unavyoheshimu mashine. Mfikie mapema, mletee kahawa, msikilize. Yeye ndiye anayejua kwamba kalibu ya tatu inapata moto upande mmoja, au kwamba magogo ya wiki ile yalikuwa "mazito" na ilibidi apunguze kasi. Kasi aliyoipunguza bila kuiandika inaweza kueleza tabaka lako lote la punje kubwa. Mwombe akuruhusu uandike kasi na shinikizo wewe mwenyewe, ukiwa umesimama pale, kwa kila gogo.

Kabla hujasaini kupokea magogo, uliza yalipikwa kwa nyuzi ngapi, kwa saa ngapi, na yalipozwa vipi. Wakikwambia ni siri ya biashara, omba vipande vya magogo yasiyopikwa uvipike mwenyewe. Kata diski moja kutoka kila gogo, iandike namba kwa kupiga mhuri kwenye metali, maana wino unafutika, na uifungie mahali ambapo hakuna atakayeifikia kwa kuitafutia matumizi mengine. Majibu ya spektrometa ya gogo la kwanza yakitoka, nitumie yote, hasa manganizi na kromiamu, hata kama yanaonekana madogo.