Lawama Inapogawanywa kwa Asilimia

Gari linalotoka geti la Lodoare kwenda Mang'ola likifika Njiapanda, kabla ya kuingia Karatu mjini, lazima likunje kulia na kukatisha njia ya wanaopanda kwenda Ngorongoro. Sheria ya hapo haina utata: anayekunja kulia anampisha anayekuja mbele yake. Jioni moja mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa anapanda na bodaboda yake, hana abiria. Gari la watalii likakunja mbele yake. Paja lilivunjika, na goti mpaka leo halikunjiki.

Taa ya mbele ya pikipiki ilikuwa haiwaki. Hilo hakulificha mtu, na ndilo lililozaa mashauri yote yaliyofuata. Mahakama ya Wilaya ilisema dereva wa gari anabeba asilimia 70 ya kosa na mpwa wangu asilimia 30, na fidia yake ikakatwa kwa kiasi hicho. Tukakata rufaa Mahakama Kuu, Arusha. Wazee wenzangu wa kanisa walinijia nyumbani na kuniuliza, kwa upole na kwa nia njema, kwa nini Mkristo akate rufaa. Ajali ni mapenzi ya Mungu, walisema. Kijana yuko hai, shukuruni, sameheni, yaishe.

Swali lao ni zito, na mimi niliyekaa miaka mingi mshauri wa mahakama ya mwanzo, nikisikiliza kesi za ng'ombe walioingia kwenye mbaazi na mipaka ya mashamba iliyosogezwa usiku, nadhani nina deni la kulijibu.

Kwanza hilo la mapenzi ya Mungu. Nimelisikia misibani maisha yangu yote na sina nia ya kumnyang'anya mfiwa neno linalomshikilia asianguke. Lakini sisi wa Karatu tuna siku ambayo neno hilo lilipaswa kutukwama kooni. Tarehe 6 Mei 2017, Jumamosi ya mvua, basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilikuwa linaleta watoto wa darasa la saba kufanya mtihani wa majaribio huku Karatu. Pale Rhotia, kwenye mteremko wa Marera, likatumbukia korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Wakapona watoto watatu. Siku mbili baadaye majeneza yalipangwa kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na nchi nzima ikalia. Vinywa vingi vilisema Mungu amewapenda zaidi.

Mimi sikuweza kulisema. Breki, matairi, mwendo kwenye mteremko wa mvua, idadi ya watoto katika viti: vyote hivi viko mikononi mwa watu. Tunaposema Mungu alitaka, tunamtwika Yeye jambo ambalo binadamu akilifanya kwa makusudi tungemfunga. Heshima kwa Mungu katika maneno hayo mimi siioni. Mungu anasingiziwa hapo, na anayefaidika na msingizio huo ni yule aliyepaswa kukagua gari asikague.

Na siku ileile ya Marera tulionyeshwa upande wa pili. Wamarekani waliokuwa njiani kwenda hifadhini, watu wa shirika moja la kimishenari kutoka Iowa, walisimamisha gari, wakateremka korongoni, wakagundua waliokuwa bado wanapumua. Wale watoto watatu walisafirishwa hadi Sioux City kutibiwa, na Agosti mwaka huohuo wakarudi nyumbani. Hadithi ya Msamaria ilitendeka juu ya lami yetu. Wachache wanajua kwamba hadithi hiyohiyo imo ndani ya sheria ya ajali. Mwaka 1932, katika kesi ya mwanamke wa Scotland aliyeugua baada ya kunywa soda iliyodaiwa kuwa na konokono ndani ya chupa, Jaji Atkin wa Bunge la Malabwana la Uingereza alilichukua swali ambalo mwanasheria alimuuliza Yesu, jirani yangu ni nani, akalijibu kwa lugha ya mahakama: jirani ni yeyote ambaye kitendo changu au uzembe wangu unaweza kumgusa, kiasi kwamba nilipaswa kumfikiria kabla ya kutenda. Sheria ya uzembe tunayoitumia Tanzania imekua juu ya jibu hilo. Kwa hiyo ninapomuuliza dereva kama alimwona kijana wangu kabla ya kukunja, nimo ndani ya Injili, sijatoka.

Torati nayo inapima. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alijulikana kuwa na tabia hiyo na mwenyewe akaonywa lakini hakumfunga, hesabu inabadilika kabisa. Mtu anayekata mti, shoka likachomoka kwenye mpini likamuua mwenzake, si mwuaji, na miji sita ilitengwa ili watu wa namna hiyo wakimbilie. Lakini hakuambiwa arudi nyumbani kama kawaida. Alikaa katika mji ule mpaka kuhani mkuu afe. Kurani, katika sura ya Wanawake aya ya 92, inamtaka aliyeua kwa bahati mbaya aipe familia diya, isipokuwa wenyewe wasamehe. Na juu ya diya amkomboe mtumwa muumini, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Tazama mpangilio huo: malipo kwa waliofiwa ni jambo moja, na kufunga kwa mkosaji ni jambo lingine. Kusamehewa diya hakumwondolei saumu.

Nitarudi hapo. Kabla ya hapo niseme kidogo juu ya asilimia, kwa sababu nilikaa mahakamani Arusha siku ile ramani ya ajali ilipofunguliwa. Ilichorwa na askari wa trafiki kwa kalamu ya wino, karatasi moja imekunjwa mara nne. Alama ya X ndipo vyombo vilipogongana, nayo ilikuwa ndani ya upande wa mpwa wangu. Kulikuwa na mstari wa matairi ya gari, mfupi, na hakukuwa na mstari wowote wa tairi la pikipiki. Mawakili walibishana juu ya huo mstari usiokuwepo. Wa kwao alisema: hakufunga breki kwa kuwa alikuwa mwendo mkali. Wa kwetu alisema: hakufunga breki kwa kuwa hakupewa nafasi. Nilimtazama dada yangu. Alikuwa anakiangalia kile kialama cha X bila kupepesa.

Zamani mpwa wangu asingepata hata senti. Mwaka 1809 huko Derby, Uingereza, mtu alipanda farasi kwa kasi wakati giza linaingia, akagonga mti ambao mwenzake aliuweka kukatisha barabara akitengeneza nyumba yake. Majaji wakasema ungetazama ungeuona, basi huna dai. Kosa dogo la mwathirika lilifuta kosa kubwa la mwingine. Waingereza walikaa na sheria hiyo zaidi ya karne moja, mpaka Bunge lao lilipoigeuza mwaka 1945, na sisi pia tunagawa sasa. Mimi naiona asilimia kuwa kazi ya haki, karibu ya kusali: mtu anakataa kusema wewe ndiwe mwovu wote na wewe ndiwe msafi wote, anaketi na ramani na mashahidi mpaka kila mmoja apewe kilicho chake.

Katika rufaa jaji hakuigusa ile 30. Alisema hakimu aliyewaona mashahidi kwa macho yake alikuwa na sababu. Fidia ya jumla aliipandisha. Mahakama ya rufaa haibadilishi kiasi kwa sababu tu yenyewe ingetoa kingine. Ni lazima ionekane kwamba wa chini alifuata kanuni isiyo sahihi, au kwamba kiasi ni kidogo au kikubwa kupita kiasi. Hapa hakimu alihesabu maumivu akasahau goti, yaani miaka yote ambayo kijana hatapanda tena pikipiki kutafuta riziki. Ndiyo maana ninasema rufaa ile haikuwa tamaa. Mtu aliyesahauliwa kwenye hesabu ana haki ya kuomba ihesabiwe upya, na kumsamehe mdeni kabla deni halijajulikana ni kusamehe kitu usichokijua.

Lakini kuna jambo mahakama hazikuligusa, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Yule dereva hakuja. Karatu si mji mkubwa. Nyumba ya dada yangu anaijua. Baadaye nilipata habari, kutoka kwa mtu wake wa karibu, kwamba aliwekwa chini na wenye bima akaambiwa asikanyage kule, asipige simu, asitamke neno pole kwa namna inayoweza kuandikwa kuwa amekiri. Akikiri, bima yaweza kukataa kulipa. Kwa hiyo mtu aliyemvunja mwenzake amezuiwa kumwambia nimekukosea, na waliomzuia wanaona wanamlinda. Mwaka 1976 mwanafalsafa Bernard Williams aliandika juu ya dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lake lolote, akasema dereva huyo hujisikia vibaya kwa namna ambayo mtazamaji wa kando hawezi kujisikia, na tungemshangaa kama asingejisikia hivyo. Wazee wa Kiiraqw walilijua hilo. Nyumba iliyofikwa na kifo ilikaa metimani, imetengwa na majirani kwa muda, wala hakuna aliyeuliza kwanza nani mwenye kosa. Kuguswa na jambo kulitosha kukubadilishia siku zako.

Mpwa wangu mwenyewe amenifundisha. Hukumu ya rufaa ilipotoka nilimwambia sheria imetutendea vyema, ila ile 30 inauma. Akaniambia, "Hapana, Mjomba. Taa nilijua haiwaki tangu Jumatatu. Balbu ni hela ndogo tu." Angeweza kumgonga mtoto anayevuka, alisema, na asingekuwa na la kujitetea. Juu ya hiyo 30 amefanya toba nzima, amesali, amewaambia vijana wenzake kijiweni. Hakutubu thelathini tu. Fidia inagawanyika kwa sababu pesa inagawanyika. Lakini dereva wa 70 hawezi kumwambia Mungu, nimejuta sabini, hizo nyingine ni za yule wa pikipiki.

Kwa hiyo wazee wangu, msamaha mnaoutaka kwetu upo. Dada yangu amekwisha kuutoa moyoni. Ila hauna wa kupokea, maana mwenyewe amefungwa mdomo na mkataba.

Na hili linarekebishika. Jimbo la British Columbia, Kanada, mwaka 2006 lilipitisha sheria kwamba kuomba radhi si kukiri kosa mahakamani wala si sababu ya kuvunja bima. Uingereza mwaka huohuo iliandika katika sheria yake ya fidia kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Wabunge wetu wanaopita Njiapanda kwenda Ngorongoro waipeleke hoja hiyo Dodoma. Kipengele kimoja kwenye sheria ya bima kinatosha, na dereva ataweza kubisha hodi kwa dada yangu hata kama kesi bado inaendelea.