Kumficha Mgonjwa Si Kumsitiri



Mwaka jana, baada ya sala ya Isha, alinijia dada mmoja pamoja na kakake, akaniuliza suali ambalo nililijibu vibaya. Mumewe ni karani katika ofisi moja ya serikali hapa kisiwani, mtu wa heshima zake, na kwa miaka minne alikuwa akivuta unga. Mkubwa wake wa kazi alikwisha fahamu, akamwita faraghani akamwambia aende akatibiwe, na kazi yake itamngoja. Yule bwana akakataa.

"Maalim, yeye aogopa watu wasijue," akasema dada yule, "na mimi naogopa asife. Tufanyeje?"

Nikamjibu: "Dadangu, msitiri mumeo. Mwambie atubu na asali. Mambo ya hospitali yatamfedhehesha tu." Akaenda zake. Haikupita miezi mitatu mumewe aliokotwa kichochoroni hana fahamu. Mwenyezi Mungu alimwokoa, wala hakumwokoa kwa jawabu langu.

Basi nilirudi vitabuni, na haya niliyoyapata nayaandika ili wengine wasikosee kama nilivyokosea.

Kwanza, sitara. Ni kweli tumeamrishwa kusitiri aibu ya Mwislamu. Lakini mtu akitumbukia kisimani, hakuna aitwaye msitiri kwa kukifunika kisima. Twaona maofisini wenzake wamtilia saini katika daftari la mahudhurio na wamfanyia kazi zake, na nyumbani mkewe apiga simu kusema bwana ana homa. Wote hawa wadhani watenda wema. Na mshahara ule watoka katika mali ya umma, nayo ni amana. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba aliyepewa kazi na akapangiwa riziki yake, atakachochukua juu ya hiyo ni khiyana. Mgonjwa mwenyewe huenda ana udhuru. Wanaomtilia saini wana udhuru gani?

Hofu yake si ya bure. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, yampa mwajiri ruhusa ya kumfukuza mara moja mfanyakazi aliyelewa wakati wa kazi hata asiweze kuifanya. Lakini upande wa pili upo vilevile: wizara na mashirika ya serikali, katika mikataba yao ya utendakazi, yamekuwa yakitakiwa kupambana na ulevi na madawa ya kulevya miongoni mwa wafanyakazi wao, na kupeleka ripoti kwa mamlaka ya NACADA. Mara nyingi, kwa niliyoyaona, kazi hiyo huishia katika semina na fulana zenye maandishi. Semina haina ubaya, ila mwenye arosto haponi kwa fulana.

Pili, dawa. Tangu 2015 iko kliniki ya methadoni Kisauni. Dawa hii ni ya maji, mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, nayo humwondolea arosto kwa muda wa siku nzima. Akipewa kwa kipimo chake hapati ile nishai ya unga, na aweza kufanya kazi na kulea watoto wake. Tiba yenyewe huendelea kwa miezi, na kwa wengi ni miaka. Hapa ndipo masheikh wengi, nami nikiwamo, tulisema: huku si kutibu, ni kubadilisha ulevi kwa ulevi.

Sasa tazameni. Ibn Hajar al-Haytami, mwenye Tuhfa, aliyefariki mwaka 974 wa Hijria, na ambaye sisi watu wa madhehebu ya Shafii twasoma vitabu vyake, aliulizwa juu ya mtu aliyezoea afyuni hata akawa akiiacha atakufa. Akajibu kwamba ikijulikana hivyo kwa yakini, kula kwake ni halali, bali ni wajibu kwa ajili ya kuhifadhi roho, mfano wa nyamafu kwa aliyeshikwa na dharura. Na yampasa apunguze kidogo kidogo mpaka mwili uache kuitaka. Na unga watoka katika afyuni ile ile. Mwanachuoni huyu alitangulia kliniki zetu kwa zaidi ya miaka 400, na sisi tulikuwa na kitabu rafuni!

Tena hapa pwani tuliona kwa macho yetu. Mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011 unga uliadimika ghafula. Lau kukosekana ndiko kupona, mji wote ungalipona. Badala yake vijana waligaagaa kwa maumivu, na wengine wakatafuta vidonge vya kila namna.

Kuhusu jina la "teja" sitasema mengi. Mtu mmoja aliyeletwa mara kwa mara mbele ya Mtume kwa kosa la ulevi alilaaniwa na mmoja wa waliohudhuria. Mtume akamkataza yule mlaani, akashuhudia kwamba mlevi yule ampenda Mungu na Mtume wake. Kwenye barza zetu za Kibokoni na Kuze, nani aliyeyasema hayo juu ya jirani yake?

Karani yule sasa anywa dawa. Kila asubuhi avuka daraja la Nyali kwenda Kisauni, kisha arudi kisiwani, na ofisi hufunguliwa saa mbili. Mkubwa wake amempa ruhusa ya kuingia saa tatu na kufidia saa ile jioni, na imeandikwa katika faili kuwa ni matibabu, bila kutajwa ugonjwa. Wakubwa wa ofisi wanaosoma ukurasa huu wako wengi. Nawaomba saa hiyo moja. Na yule dada nimemwendea mwenyewe, mbele ya kakake, nikamtaka radhi kwa jawabu nililompa.